Meseji za matangazo usizoziomba: ujitoe, uzuie, uripoti 15040 au uende Tume?

Kabla hujaamua la kufanya na meseji ya tangazo ambayo hukuiomba, tazama pale juu: imetoka kwenye namba au kwenye jina? Wengi wetu tunaruka pale juu tukaenda moja kwa moja kwenye maneno, na pale ndipo palipo na nusu ya jibu. Meseji iliyotoka kwenye namba ya kawaida unaweza kuijibu, kuipigia, kuizuia na kuiripoti. Iliyotoka kwenye jina, yale maandishi ya herufi badala ya tarakimu, huwezi kuijibu hata ukitaka. Jina ni lebo tu iliyowekwa mbele ya ujumbe. Nyuma yake hakuna laini inayopokea. Ndiyo maana mtu wa Makorora anaweza kuandika STOP kwa hasira, simu ikamwambia imeshindwa kutuma, na kesho yake alfajiri kampuni ile ile ya kubeti ikamwamsha na "Habari mshindi!"

Ulinganisho huu ni kwa mkazi wa Tanga mwenye simu janja au kiswaswadu, anayetaka kujua katika njia zilizopo ipi inamfaa nani: kujitoa, kuzuia, kuripoti 15040 ambayo ni namba ya kuripoti utapeli, au kwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nimeupanga kwa kumfuata mtumaji, kwa sababu walalamikaji wetu wengi hupeleka kila kero mahali pamoja. Tapeli anapelekwa huduma kwa wateja, promosheni ya vifurushi inapelekwa polisi, kisha mtu anarudi nyumbani akisema hakuna anayesikiliza.

Karatasi imetupita, siasa yake haijatupita

Marekani na Ulaya kilio hiki kilianza na karatasi: katalogi za nguo, kuponi za chakula, barua za kadi za benki, zote zinaletwa na tarishi mpaka kwenye kisanduku cha nyumbani. Kwetu barua haiji nyumbani. Inaishia S.L.P. pale posta, na mwenye sanduku mara nyingi ni ofisi, shule au kampuni. Hakuna mwenye duka wa Ngamiani atakayenunua stempu ili tangazo lake likae gizani mpaka mhasibu wa mtu apate nafasi ya kupita posta. Kazi ya karatasi tumeiachia vipeperushi vya stendi ya Kange, mabango ya waganga kwenye nguzo za umeme, na lile gari la matangazo linalokata mitaa na spika mbili juu wakati mgonjwa ndiyo kwanza kapata usingizi.

Hata hivyo hoja zote zinazotumika leo kwenye simu zilizaliwa kwenye karatasi. Shirika la posta la Marekani halijiendeshi kwa kodi, linajiendesha kwa mauzo, na matangazo ni sehemu kubwa ya mzigo linaoubeba. Lina hata huduma ya kumpelekea mwenye biashara tangazo lake kila nyumba ya mtaa bila kujua jina la mtu yeyote. Kwa hiyo majimbo yalipojaribu kuanzisha orodha ya wasiotaka barua za matangazo, waliosimama kupinga hawakuwa wachapaji peke yao; posta na vyama vya wafanyakazi wake walikuwamo. Orodha ya kitaifa ya wasiotaka kupigiwa simu za biashara ilianza mwaka 2003. Ya barua haijapita hadi leo. Mwenye kufaidika na mzigo hawezi kuwa mwepesi wa kuuzuia, na hilo likumbuke tutakapofika kwenye kampuni za simu.

Alichobaki nacho Mmarekani ni kitu cha kuchekesha kidogo. Mwaka 1967 Bunge lao lilitunga sheria ya kumruhusu mtu kukataa barua za matangazo ya ngono, na likasema mwenye kuamua kama tangazo linaamsha ashiki ni mpokeaji mwenyewe, si posta wala hakimu. Watumaji wakashtaki. Mwaka 1970, katika kesi ya Rowan, Mahakama ya Juu ikasema haki ya mtumaji inakoma kwenye kisanduku cha asiyetaka kupokea, na ikakiri kwamba kwa uwezo huo mtu anaweza kukataa hata katalogi ya vitambaa. Yaani ukisema tangazo la mashuka linakutia ashiki, posta haina la kukuuliza. Mimi naona busara kubwa pale: aliyepokea ndiye anayejua kama amesumbuliwa, asitakiwe kuthibitisha kwa mtu.

Amsterdam walikwenda mbali zaidi. Tangu Januari 2018 kipeperushi kisicho na jina hakiingii nyumbani kwa mtu mpaka mwenyewe abandike kibandiko cha kusema anavitaka. Kabla ya hapo asiyetaka ndiye aliyetakiwa kubandika. Wafanyabiashara walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ikaipa manispaa haki. Hoja ya jiji ilikuwa taka, si faragha. Anayefagia Kange asubuhi ataielewa bila kuelezwa.

Ruhusa kwanza, au ujumbe kwanza?

Mifumo mikubwa ni miwili. Katika mmoja, mtumaji anapiga hodi na kungoja aambiwe karibu. Katika mwingine anaingia, anakaa, halafu wewe ndiye wa kumwambia atoke.

Umoja wa Ulaya ulichagua wa kwanza mwaka 2002: tangazo la barua pepe au meseji kwa mtu binafsi linataka ridhaa yake kabla, isipokuwa kwa mteja ambaye tayari amenunua kwako na umempa nafasi rahisi ya kukataa. Marekani ilichagua wa pili. Sheria yao ya barua pepe ilitiwa saini Desemba 2003 na kuanza kazi 1 Januari 2004. Inamruhusu mtumaji kukuandikia bila kukuuliza mradi asidanganye kuhusu yeye ni nani, aweke anwani yake ya posta, na akuondoe ndani ya siku 10 za kazi ukikataa. Siasa yake iko kwenye tarehe. California ilikuwa imepitisha sheria kali ya ruhusa kwanza, nayo ilikuwa ianze siku hiyo hiyo, 1 Januari 2004. Sheria ya taifa ikaifuta kabla haijatumika hata mara moja. Kampuni zilipenda sheria moja nyepesi kwa nchi nzima kuliko sheria hamsini, moja ikiwa kali.

Kwenye simu, lakini, Mmarekani ametuzidi. Sheria yao ya 1991 inamruhusu mtu binafsi kumshtaki anayempigia au kumtumia meseji kwa mashine bila ridhaa, na kudai dola 500 kwa kila moja, hadi 1,500 ikionekana ni makusudi. Mtu hangoji mamlaka ipate muda. Ukiniuliza ni kipi ningekichukua kutoka sheria zote za nje nikilete huku, ningechukua hicho, hata kwa shilingi elfu tano kwa meseji.

Uhindi wana njia ya tatu, na ndiyo inayogusa tatizo letu la majina. Kanuni zao za 2018 zinamtaka kila mtumaji wa biashara asajili jina lake pamoja na mfano wa ujumbe anaotaka kutuma, na kampuni za simu zinalinganisha kabla hazijapitisha. Mteja naye anatuma chaguo lake kwenda 1909: hataki chochote, au anataka habari za benki tu, za afya tu. Singapore tangu Januari 2023 meseji yenye jina ambalo halijasajiliwa inaonekana kwenye simu na onyo kwamba huenda ni utapeli. Hapo mzigo umehama kutoka kwa mpokeaji kwenda kwa anayebeba ujumbe, na anayebeba ndiye mwenye mitambo ya kuona.

Sisi tuko wapi? Kwa maandishi tuko upande wa Ulaya, na watu wengi hawajui. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakataza tangazo la bidhaa au huduma lisiloombwa isipokuwa mpokeaji ameridhia, mtumaji amejitambulisha na kusema lengo lake tangu mwanzo wa ujumbe, na ametoa nafasi ya kukataa meseji nyingine. Kuna nafuu kwa mtumaji aliyechukua mawasiliano yako mkifanya biashara na akakupa fursa ya kukataa. Sasa lisome tena sharti la tatu, kisha rudi kwenye lile jina lisilojibika. Tangazo lililotoka kwenye jina, lisilo na namba ya kujitoa wala kodi ya nyota na reli ya kubonyeza, kwa usomaji wangu limevunja sharti hilo hata kama uliliridhia. Kwa vitendo, hata hivyo, tunaishi Kimarekani: meseji inakuja kwanza, na kazi ya kuizima ni yako.

Unayemjua: kampuni ya simu, benki, kampuni ya kubeti uliyojiunga nayo

Hapa washindani ni wawili, kujitoa na kuzuia, na vijana karibu wote huchagua kuzuia kwa sababu ni kubonyeza mara mbili tu. Naelewa. Lakini angalia jina la mtumaji kabla hujabonyeza. Kampuni nyingi zinatumia jina moja kwa promosheni na kwa taarifa za kweli. Ukilizuia jina linalokuletea "Jipatie GB", unaweza kuwa umezuia na meseji inayothibitisha muamala wako, na siku utakapobishana na wakala kwamba pesa haijaingia hutakuwa na cha kumwonyesha. Kuzuia kunafaa kwa jina linalotuma matangazo peke yake. Kwenye viswaswadu vingi hilo chaguo halipo kabisa, ukilitafuta utaishia kwenye kengele na tochi.

Kujitoa kunachosha zaidi lakini kunagusa chanzo. Ujumbe ukiwa na namba fupi au kodi ya kujitoa, itumie. Usipokuwa nayo, piga 100 ya mtandao wako, ngoja mhudumu, mwambie akuondoe kwenye matangazo yote. Hapo sema wazi kama unataka matangazo yasimame au unataka huduma uliyounganishwa ikatwe, maana ni mambo mawili. Kuna meseji za mahaba, mafundisho ya dini, matokeo ya mpira na nyimbo za miito ambazo zinakata salio kila siku, na mtu anadhani ni matangazo ya bure tu yanayomsumbua. Zile ni huduma. Zikiingia bila wewe kukubali, dai na salio lako lirudi, usiridhike na kuambiwa zimezimwa.

Usichanganye pia taarifa na tangazo. Ukifika Horohoro simu ikakukaribisha Kenya na kukutajia gharama za kupiga, hiyo ni taarifa, na utaitaka.

Kampuni ikipuuza, hatua inayofuata ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Utaratibu wao unataka uanze kwa mtoa huduma wako; ukiruka hatua hiyo utarudishwa. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo linapokea malalamiko ya aina hii na kumsemea mteja. Jambo la kuchukua unapopiga 100 ni namba ya lalamiko. Bila hiyo, utafika TCRA na maneno matupu.

Usiyemjua, lakini anajua jina lako

Huyu ndiye anayeniudhi kuliko wote, na ndiye anayelalamikiwa kidogo kuliko wote. Anauza viwanja Pongwe, anafungua saluni, anakopesha, na meseji yake inaanza na jina lako la kwanza. Kaitoa wapi namba?

Simama dakika tano mbele ya kibanda cha wakala wa pesa sokoni Mgandini. Daftari liko wazi juu ya kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi. Tarehe, jina kamili, namba ya simu, kiasi, sahihi. Mteja anayefuata anaandika chini ya jina lako akiwa ameshasoma ulichotoa na umetoa kiasi gani. Ukurasa ukijaa unafunuliwa mwingine, daftari likijaa linatupwa chini ya meza na mengine. Kijana mwenye simu ya kamera hahitaji dakika mbili. Gesti nako ni hivyo hivyo, kitabu cha wageni kinakaa mapokezi. Na magrupu ya kamati ya harusi: watu mia mbili wasiojuana, namba zote zinaonekana.

Kwa mtumaji wa namna hii TCRA si mahali pa kwanza. Hapa ndipo ilipo kazi ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ni ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Makao yake yako Dodoma. Sheria inakupa haki ya kumzuia mtu kutumia taarifa zako kwa matangazo ya kibiashara, na namba yako ya simu ni taarifa binafsi. Inamgusa pia aliyeivujisha: kampuni inayotoa taarifa za watu kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5.

Ukilinganisha na njia nyingine, Tume ni ya taratibu, inataka maandishi, na haifai kwa meseji moja. Inafaa pale mtumaji anapojulikana, ana ofisi au namba ya kupokea fedha, na anarudia. Anza kwa kumwandikia mwenyewe, kwa WhatsApp inatosha:

"Habari. Nimepokea tangazo lenu kwenye namba hii tarehe fulani. Sikuwapa namba yangu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, naomba mniambie mmeipata wapi, na muache kuitumia kwa matangazo. Nisipopata jibu nitapeleka lalamiko Tume."

Watumaji wengi huacha hapo. Biashara ndogo inayouza viwanja haitaki barua kutoka Dodoma. Wasipojibu, tayari una ushahidi kwamba walikatazwa na wakaendelea, na lalamiko lenye tarehe na picha za skrini lina nguvu kuliko la "wananisumbua sana".

Kama unajiuliza kama sheria za aina hii huwa zinauma, tazama majirani. Kenya ilipata sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Septemba 2023 kamishna wao alimtoza mkopeshaji mmoja wa mtandaoni karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kutumia namba zilizotoka kwa watu wengine kutuma meseji na kupiga simu za vitisho. Kwetu upande wa mikopo ya simu ulianza kubanwa na Benki Kuu, ambayo Novemba 2024 ilizifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Waliowahi kupokea meseji ya "mwambie rafiki yako alipe deni" kwa mkopo wasioujua wanaelewa kwa nini hilo nalo ni meseji isiyoombwa, tena ya aina mbaya.

Tapeli

Hapa sina maneno mengi. "Ile hela nitumie kwenye namba hii" si tangazo, usimjibu STOP wala tusi. Ukijibu umemthibitishia kwamba laini ina mtu. Peleka ujumbe ule 15040, ambayo ndiyo namba ya kuripoti namba za utapeli, fuata maelekezo yatakayorudi, halafu zuia. Kama pesa imeshatoka, 15040 peke yake haitoshi: piga 100 mara moja waizuie kama bado haijatolewa, kisha polisi.

Polisi ndio wenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Inaitaja meseji isiyoombwa kama kosa, lakini inayolenga ni inayotumwa kwa nia ya kutenda kosa, au yenye taarifa za uongo kuhusu inakotoka. Adhabu yake si ndogo, faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwenye saluni anayekukera kila Ijumaa haingii humo. Ukimpeleka polisi utapoteza siku na atakucheka.

Ukiwa wewe ndiye mtumaji

Wasomaji wengi wa Tanga wana biashara, kwa hiyo upande wa pili wa kaunta nao unahusika. Meseji za wingi, orodha ya WhatsApp, au gari la matangazo?

Meseji za wingi zinamfika kila mtu hata mwenye kiswaswadu kule Muheza, na unaomba jina lako lisajiliwe lionekane juu. Tatizo lake liko kwenye herufi. Meseji moja ni herufi 160, na ukiweka kikatuni kimoja cha kucheka inashuka hadi 70. Ukizidisha, unalipia ya pili. Ndiyo maana mstari wa kwanza kukatwa huwa ni ule wa "kujitoa piga namba hii": unakula herufi ishirini na tano na unaweza kufanya bei iwe mara mbili. Mwenye biashara anaokoa shilingi chache, mteja anakosa pa kutokea. Ukichagua njia hii, punguza sifa za bidhaa kabla hujapunguza mstari huo, maana sheria inaudai.

WhatsApp ni nzuri zaidi kwa fundi, mwenye duka la nguo, muuza maziwa, na sababu yake ni ya kiufundi. Kwenye programu ya kawaida, ujumbe wa orodha ya matangazo unamfika yule tu aliyeihifadhi namba yako. Asiyekuhifadhi haupati. Ridhaa ambayo sheria inaiomba kwa maneno, pale imewekwa kwenye mashine. Grupu ni kitu kingine, usimwingize mtu kwenye grupu bila kumuuliza, kwa sababu unamgawia na namba yake kwa wengine. Ujumbe wenyewe ukiwa hivi hakuna atakayekuchukia: "Asalaam alaykum dada yangu, ni fundi wako wa Chumbageni. Vitambaa vya sare za shule vimefika. Kama hutaki meseji zangu niambie hapa hapa nikutoe, wala sitanuna."

Gari la matangazo ni rahisi na haligusi taarifa za mtu. Ila huwezi kujitoa kwenye spika, na ukipita nalo msikitini wakati wa swala utajulikana mji mzima kwa sababu usiyoitaka.

Ambao sheria haiwagusi

Ukisoma tena maneno ya Sheria ya Miamala utaona inasema bidhaa au huduma. Mgombea si bidhaa wala huduma, ingawa wapiga kura wa hapa wana maoni yao. Meseji za kampeni zimekaa nje ya kizuizi hicho, na hatuko peke yetu. Marekani orodha yao ya kutopigiwa simu inawaacha wanasiasa, mashirika ya hisani na watafiti wa maoni. Wanaotunga sheria ndio wanaohitaji kura, na popote duniani mkono huo haujifungi wenyewe. Mwaka 2020 washauri wa kisiasa wa huko walikwenda Mahakama ya Juu wakitaka marufuku ya simu za mashine iondolewe yote, kwa hoja kwamba serikali ilijipa upendeleo mwaka 2015 kwa simu za kudai madeni yake. Mahakama ikakubali kwamba upendeleo ule haufai, ikaufuta upendeleo, marufuku ikabaki. Walitafuta mlango wafunguliwe, wakaishia kumfungia na mwenzao.

Kwetu upenyo uliopo dhidi ya meseji za siasa ni Tume tu, kwa sababu swali lake si "unauza nini" bali "namba ya huyu umeitoa wapi". Chama au mgombea anayetumia namba iliyotoka kwenye daftari la mtu anatumia taarifa binafsi kama mwingine yeyote. Meseji ya mchango wa harusi, kwa upande wake, haina sheria itakayokuokoa. Toa.

Kwa mwenye kiswaswadu

Hana picha za skrini, hana WhatsApp, na pengine hana hata kitufe cha kuzuia. Kwake chaguo ni fupi. Meseji asiifute. Apige 100 akiwa na kalamu, aseme "nitoeni kwenye promosheni zote, na niambieni kama kuna huduma inayokata salio langu", aandike jina la mhudumu, saa na namba ya lalamiko nyuma ya kadi ya laini au kwenye daftari la nyumbani. Zikija tena, namba hiyo ndiyo ya kwenda nayo TCRA, na anaweza kumpa mjukuu mwenye simu janja amwandikie lalamiko, mradi meseji zenyewe bado zimo ndani ya simu.